Kombi Kuukuu na Injini Mpya

Gari tuliitalo Kombi, Wajerumani huliita Bulli, na tangu mwaka 1956 liliundwa Hannover. Huko tuliwaona wenyeji wakizitunza zile za zamani, zenye kitanda na meko ndani, mithili ya wazee wa nyumba.

Shida yao ni barabara ya kusini, kwenye vilima vya Kassel. Kombi za kwanza, za mwaka 1950, zilikuwa na nguvu za farasi 25 tu, malori huzipita. Basi wengine huing'oa injini ile, ipozwayo kwa upepo, wakatia ya Subaru yenye nguvu mara nne au zaidi. Nayo yapozwa kwa maji, hivyo yadai rejeta, mabomba, na bamba la kuishikiza kwenye giaboksi.

La kutisha ni breki. Zilizoundwa kabla ya mwaka 1970 zina breki za ngoma magurudumu yote, wala si za diski. Aongezaye mbio pasipo kuzibadili, na watoto wamelala nyuma, twamwona mjinga, hata akiwa fundi hodari. Wenye magari hunung'unikia sheria, nasi twaiunga mkono: mkaguzi sharti alipime gari, ndipo injini mpya iandikwe katika hati zake.