Ufa wa Suswa na Bei ya Shamba

Kila mvua ndefu zikianza, ile video hurudi WhatsApp. Ni ya Machi 2018: barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok imekatika, shimo limepasua mashamba, mahali pengine kina chake kinapita mita 10, na jamaa fulani anatangaza kwamba Afrika inagawanyika. Mwaka huu ilifika kwa kundi la familia yetu pamoja na broka. Alimwendea shangazi yangu, mwenye ekari mbili upande wa Suswa, akamshauri auze mapema kabla ardhi haijaenda. Bei aliyotaja haingenunua pikipiki tatu.

Shangazi akanipigia. Si ati mimi ni msomi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipoisha. Lakini kwetu, anayeandika mtandaoni ndiye profesa.

"Kijana wangu, ni ukweli inapasuka?"

Ni ukweli. Ganda la nje la dunia si kipande kimoja. Ni mabamba makubwa ya mwamba yanayosonga polepole juu ya mwamba mwingine wa chini, wenye joto kali na ulaini kiasi. Magharibi yetu kuna bamba la Nubia, mashariki la Somalia, na katikati ardhi imevutwa ikawa nyembamba, ikadidimia. Ukishuka na matatu kutoka Kimende hadi Mai Mahiu, ule mteremko unaoziba masikio ndio ukingo wa ufa wenyewe. Watu husimama hapo kupiga selfi. Na jina halikufichwa: Bonde la Ufa.

Lakini mwendo wake ni milimita chache kwa mwaka. Kucha zako zina haraka zaidi. Nina miaka 26. Hata tukihesabu milimita 5 kila mwaka, tangu nizaliwe pande hizi mbili zimeachana sentimita 13, chini ya urefu wa simu yangu. Na hizo zimetawanyika bonde zima, hazijamwagwa zote kwa shamba la mtu mmoja.

Lile shimo la 2018 lina mshukiwa mwingine. Suswa na Longonot ni volkeno, na majivu yake ya kale ndiyo udongo wa pale, mwepesi kama unga. Maji ya mvua yaliyabeba chini kwa chini mpaka juu kukaporomoka. Wanajiolojia wengi walieleza hivyo wakati uleule, ila maelezo hayana video ya kutisha.

Sisemi bamba haliwezi kushtuka. Septemba 2005 kule Afar, Ethiopia, ardhi ilifunguka kwa urefu wa kilomita 60, mahali pengine upana wa mita 8, ndani ya siku chache. Ganda la Afar ni jembamba kuliko letu. Huku kwetu joto hilo la chini tunalijua zaidi kwa mvuke wa Olkaria, unaozalisha umeme tangu 1981. Labda ndio umechaji simu ya broka.

Nilimweleza shangazi yote hayo, na hesabu ya milimita pia. Alinyamaza, kisha akauliza: "Sasa hayo maji ya mvua, kwangu yanapitia wapi?"

Kuna korongo limeanza nyuma ya zizi lake, linafika magotini. Hajauza. Jumamosi tunashuka na miche ya mkonge ya kupanda kingoni, na jembe la pili nimeazima kwa jirani.