Joto la Kipakatalishi

Tasnifu yake ilikuwa imefika sura ya nne kipakatalishi kilipoanza kuzimika ghafla. Alizoea kukiweka juu ya godoro (na hakuwa peke yake bwenini), asijue kwamba blanketi huziba matundu ya hewa. Siku kioo kilipokataa kuwaka kabisa, alikimbilia kwa fundi. Bisibisi ilifichua vumbi lililogandamana kama sufi kati ya feni na vibati vya shaba vya kupozea. Prosesa inapopata joto kupita kiasi hujizima isije ikaungua. Kumbe kule kuzimika kulikuwa kinga! Fundi akaunganisha kioo cha nje. Sura ya nne ikajitokeza, nzima. Kilichokatika ni utepe wa waya unaopita bawabani. Huo ungesubiri, kwanza aliinakili sura ile kwenye diski mweko, mara mbili.