Mvumo Katika Sauti ya Dani

Kati ya rekodi zote nilizokusanya kwa ajili ya tasnifu yangu ya ngano simulizi, hakuna niliyoienzi kuliko ile ya nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Dani. Nilimrekodi nyumbani kwake karibu na Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay, akisimulia kisa cha Simbi Nyaima, lile ziwa la volkeno linalosemekana kukimeza kijiji kilichomnyima bikizee makao usiku wa mvua. Miezi michache baadaye Dani akaiaga dunia.

Jamaa waliniomba niwasikizishe sauti yake katika kumbukumbu ya mwaka mmoja. Nilitoka Migori, ninakofundisha, na kipakatalishi changu mkobani. Baba mdogo akaazima amplifaya na spika mbili kubwa. Mkesha wa siku hiyo nikaunganisha nyaya, nikabonyeza. Lo! Kilichotoka kilikuwa kishindo cha nyuki mzingani, mvumo mzito usiokatika, naye Dani chini yake kama mtu anenaye kisimani. Isitoshe, alikuwa na mazoea ya kushusha sauti penye uzito. Pale bikizee anapobisha hodi hatukusikia neno.

Naungama kwamba nilidhani rekodi imeharibika, ingawa kule Migori nilikuwa nimeisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni na kuikuta safi. Nikampigia simu fundi wa redio ninayemfahamu mjini Migori.

"Mwalimu, shusha sauti ya tarakilishi mpaka sufuri. Mvumo upo?"

"Bado upo, fundi."

"Basi nyanya yako hana kosa. Chomoa chaja ukutani."

Nikachomoa. Kimya.

Akanieleza. Amplifaya ilichomekwa sebuleni, tarakilishi ikapata umeme kwa waya mrefu uliotoka jikoni, na kila kimoja kilikuwa na waya wake wa ardhi. Ardhi hizo mbili hazikulingana kabisa kwa volti. Waya wa sauti ulipoziunganisha, ukafunga kitanzi, na mkondo mdogo ukapita humo kwa mitetemo 50 kwa sekunde, kasi ya umeme wetu wa Kenya. Amplifaya haibagui, ikaukuza pamoja na Dani. (Mimi nakiita kitanzi cha ardhi. "Mzunguko wa ardhi" ungemrudisha msomaji kwenye somo la jiografia.)

Betri yangu ilikuwa kuukuu, haingefika katikati ya ngano. Baba mdogo akaja na bisibisi.

"Mwanangu, tuutoe tu huu waya wa kijani na njano katika plagi ya amplifaya."

Ni kweli mvumo ungekoma. Lakini waya wenye umeme ukilegea ndani na kugusa bati la amplifaya, waya huo wa ardhi ndio humwokoa atakayeishika, na kesho watoto wangejaa pale. Kumkatalia baba mdogo si jambo jepesi kwetu.

"Baba, nivumilie kidogo," nikamwambia.

Nikavichomeka vyombo vyote viwili katika kebo moja ya soketi nyingi. Mvumo ukanywea, ukabaki mnong'ono. Asubuhi fundi akanipelekea kwa matatu kitransfoma kidogo cha kutenganisha, kinachopitisha sauti kwa usumaku bila nyaya za pande mbili kugusana. Nikakipachika kwenye waya wa sauti, na mnong'ono nao ukatoweka.

Alasiri Dani alisimulia. Aliposhusha sauti mlangoni mwa bikizee, tulisikia hata kuku aliyepita uani siku ile nilipomrekodi. Alipokaribia tamati akavuta pumzi, na kabla hajatamka, shangazi zangu wakamtangulia kwa pamoja: "Thu tinda!"