Wukair, Mlango wa Kwendea Mchangani



Msafiri atokaye Doha kuelekea kusini huipita Wukair kabla hajauona mchanga wenyewe. Mji huu umo katika manispaa ya Al Wakrah, nyuma kidogo ya pwani ambako zamani watu walizamia lulu. Jirani upo uwanja wa Al Janoub, uliofunguliwa mwaka 2019, ambao paa lake lachukua sura ya jahazi; Mswahili akiuona hahitaji kufasiriwa.

Msimu wa baridi, siku za mapumziko, magari makubwa hushika njia ya Mesaieed kwenda kupanda milima ya mchanga ya Sealine. Mengi ni Patrol na Land Cruiser zilizoongezwa nguvu, na vijana wetu wanaokulia huku nao wamenaswa na mapenzi hayo. Basi kijana akiomba fedha za kununua "waidibendi", mzazi asidhani ni redio.

Hicho ni kihisi cha oksijeni, hufungwa katika bomba la moshi. Gramu 1 ya petroli huhitaji gramu 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Kihisi cha zamani, kilichotokea magarini mwaka 1976, husema tu kama petroli imezidi au imepungua. Waidibendi hutaja kiasi. Ndani yake mna kichumba cha kauri. Umeme husukuma oksijeni iingie au itoke mpaka kichumba kisawazike, na ukubwa wa umeme huo ndio jibu.

Gari lenye tabo likipanda mchanga kwa nguvu zote hutakiwa lipewe petroli zaidi, hewa ishuke hadi kama 11.5 au 12 kwa 1, ili joto la ndani lipungue. Petroli ikipungua hapo, pistoni huweza kuyeyuka, na gharama yake mzazi ataijua.

Lakini kihisi huhesabu oksijeni, hakihesabu petroli. Plagi moja ikifa na injini ikaanza kumisi, hewa ya silinda ile hutoka bila kuungua, na saa huonyesha kwamba petroli haitoshi. Fundi wa haraka huongeza petroli, naye ndiye anayeiharibu injini. Ufa katika bomba kabla ya kihisi huleta uongo uo huo, kwani hewa ya nje huingia. Kwa hiyo plagi na bomba hukaguliwa kwanza, kompyuta ya gari baadaye.

Kihisi kifungwe baada ya tabo, kiinamishwe ili maji yasituame ndani, wala kisiachwe katika bomba la injini inayonguruma bila umeme wake, maana masizi hukiziba. Petroli yenye risasi hukiua kabisa. Kenya na Tanzania ziliiacha kufikia mwaka 2006, hivyo anayemnunulia nduguye wa nyumbani asihofu kwa hilo. Kabla ya kulipa, mwulize fundi: saa ikionyesha petroli imepungua, hutazama nini kwanza? Akijibu "naongeza petroli", ondoka na gari lako.