Mistari Ile Ile, Mshahara Ule Ule

Mtaani kwetu Mbagala wanajua mimi nafanya kazi ya kompyuta, na kwa watu wa mtaani kazi ya kompyuta maana yake ni pesa. Mama mwenye nyumba alipopandisha kodi mwaka jana aliniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe huna shida, unakaa kwenye kiyoyozi." Kiyoyozi ni kweli kilikuwepo. Mshahara ndio ulikuwa taabu: laki nne na nusu kwa mwezi, miaka mitatu mfululizo, bila kupanda hata shilingi.

Mimi ni mtunga programu. Chuo kikuu sikukiona. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakanigomea, nikaenda steshenari moja ya Kariakoo kupiga chapa barua za watu na kutoa fotokopi. Wateja wakipungua nachezea mashine, hadi nikatunga kiprogramu cha kuhesabu rimu za karatasi. Tajiri akashangaa kuona stoo yake inavyovuja. Kutoka hapo nikachukuliwa na kampuni ndogo ya kutengeneza mifumo ya maduka na zahanati. Mchana natunga programu, usiku natunga riwaya kwenye kaunta buku. Riwaya ilikuwa imefika ukurasa wa 112, na mhusika wangu mkuu bado amekaa stendi anasubiri basi.

Basi, mdogo wangu wa kike akapata nafasi chuo cha uuguzi, na ada ikaniangukia mimi. Nikamwendea bosi. Akanisikiliza, akasema, "Vumilia kijana. Kampuni ikikua na wewe utakua." Nikatoka nikiwaza: kampuni ilikuwa na chumba kimoja, sasa ina vinne. Mbona mimi niko vile vile?

Nilimtafuta dada mmoja aliyewahi kufanya kazi pale kabla ya kuhamia benki. Tulikutana kwa mama ntilie, Posta. Akanicheka kwanza, kisha akasema, "Mdogo wangu, wewe unadhani ngazi ni moja." Akaanza kunihesabia kwa vidole.

Cha kwanza, kubaki mtunga programu lakini uzame, ushike eneo ambalo wengine wanalikimbia. Akanipa mfano wa COBOL, lugha ya kompyuta iliyoanza mwaka 1959, kabla Tanganyika haijapata uhuru. Mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya bado yanaitegemea, na wengi wanaoijua vizuri ni wazee wa kustaafu. Kwetu, alisema, zama kwenye hifadhidata, au ulinzi wa mitandao, au kuunganisha mifumo na pesa za simu. Cha pili, kuongoza timu. "Lakini huko utaacha kugombana na mashine uanze kugombana na binadamu, na binadamu hana kitufe cha kumzima na kumwasha." Cha tatu, kupima programu za wenzako na kuandika miongozo ya kuzitumia. Cha nne, kuwa mchambuzi wa mifumo, yule anayekaa na mhasibu au nesi akasikiliza kazi yao inavyokwenda, kisha akaiandika ili mtunga programu aielewe. Cha tano, kufanya kazi za ng'ambo ukiwa hapa hapa, ulipwe dola.

Ndugu msomaji, mimi nilisikia dola tu. Nikapata kibarua cha watu wa New York, nikawa nakifanya baada ya kazi. Saa tatu yao ya asubuhi kwetu ni saa kumi au kumi na moja jioni. Wakifunga ofisi, huku ni usiku wa manane. Kwa miezi mitatu nilivuna kuliko mshahara wangu wa nusu mwaka, nikalipa ada ya mtoto wa watu. Sisemi uongo, pesa ni tamu. Lakini riwaya sikuongeza hata sentensi, na kazini nilikuwa nasinzia kama kuku mgonjwa. Kibarua kilipokwisha hawakuaga. Ujumbe ulikoma tu.

Nikarudi kwa dada yule. Safari hii aliniuliza swali moja, "Ni siku gani kazini ulirudi nyumbani umefurahi?"

Nikamwambia habari za zahanati. Tuliwafungia mfumo, baada ya mwezi tukaona wagonjwa wengi wamezaliwa tarehe 1 Januari. Ofisini walicheka. Mimi nikapanda daladala, nikakaa na nesi asubuhi nzima. Kumbe programu inakataa kuendelea bila tarehe ya kuzaliwa, na bibi wa watu hajui tarehe, anajua alizaliwa mwaka wa njaa. Foleni inafika nje. Nesi afanye nini? Tukaongeza nafasi ya kuandika umri wa kukadiria, yakaisha.

"Sasa hiyo ndiyo kazi ya uchambuzi," dada akasema. "Umeifanya bure."

Niliomba nafasi nne, zote wanataka shahada. Ya tano nayo iliitaka, ila waliniita kwenye usaili. Sikuwa na cheti cha kuwaonyesha, nikawasimulia habari za nesi. Walinichukua kwa laki saba na nusu. Siyo utajiri, mama mwenye nyumba asije akasikia. Kusema kweli sikuondoka mapema sana: tangu mwisho wa 2022 akili mnemba imekuwa ikiandika kwa dakika moja mistari niliyokuwa nailipwa siku nzima. Ila bado sijaiona ikipanda daladala kwenda kumsikiliza nesi.

Shaaban Robert alianza ukarani wa forodha Pangani mwaka 1926, akaandika akiwa mtumishi wa ofisi kwa miaka mingi. Simfikii hata kwa kivuli, lakini nimeelewa kitu: kazi ya mkate si lazima iwe adui wa kalamu, ila uiangalie inakula saa zipi. Wewe unayesoma hapa, kabla hujakimbilia mshahara mkubwa uliza kwanza unalipwa kwa saa za nani.

Jana nimefika ukurasa wa 131. Basi limekuja, na mhusika wangu amepanda. Anakokwenda bado sijui.