Njia ni ya Wote, Gari Lina Mwenyewe

Matatu ya Nyeri kwenda Nairobi ina majina kadhaa. Kwenye mstari wa njano, ulioletwa na kanuni za Waziri John Michuki mwaka 2004, huandikwa ruti. Ubavuni huwa jina la sacco, yaani chama cha ushirika cha wenye magari, iwe 2NK au 4NTE. Mwenye gari hatajwi popote. Yumo kwenye hati za umiliki, na huenda ni mwalimu wa Othaya au mkulima wa kahawa wa Mathira. Abiria huyakusanya yote hayo na kusema tu, "Nimekuja na 2NK."

Wanaochora OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, hutakiwa kuwa waangalifu zaidi. Katika taarifa za ruti kuna nafasi ya mtandao wa usafiri na nafasi nyingine ya mwendeshaji. London hilo ni jepesi: mtandao uko chini ya Transport for London, na kampuni mbalimbali huendesha mabasi kwa mkataba. Mkataba ukienda kwa kampuni nyingine, nambari ya ruti hubaki ileile.

Huku kwetu, kati ya Nyeri, Karatina, Naro Moru na Nanyuki, hakuna mtandao mmoja kama huo. Kishawishi ni kuandika jina la sacco katika nafasi zote mbili. Mimi naona heri nafasi ya mtandao iachwe tupu. Pengo la kweli lina faida kuliko jibu la kubuni, kwenye ramani na hata katika mazungumzo ya watu wazima.

Sacco inaweza kusimamishwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, au kugawanyika, au kuhamia ruti nyingine. Siku hiyo barabara ya Marua, Karatina na Sagana haifungwi. Abiria husogea tu kwenye foleni ya pili. Hata hivyo, maishani tunalisahau hilo. Tunasema kanisa la pasta fulani, shule ya mwalimu mkuu fulani, barabara ya mheshimiwa fulani. Akiondoka, tunaomboleza kana kwamba ameondoka nalo kanisa lenyewe.

Upande wa lawama nao una somo. Mvua ikinyesha na nauli ikapanda ghafla, tunazilaani matatu zote, na laana ya wote haimfikii yeyote. Anayemjua mwendeshaji anajua ofisi ya kubisha hodi na jina la kuandika kwenye malalamiko. Kutenganisha huduma na anayeitoa kunamnyima sifa asizostahili, na pia kunamnyima pa kujificha.

Cheo ni dhamana. Uliyekabidhiwa darasa, chama, kaunti au usukani, jina lako liandike panapoandikwa mwendeshaji, uwajibike. Njia uiache iitwe ya wananchi.