Mama, Vitazame Vidole vya Miguu Yako

Katika umoja wa wanawake wa usharika wetu hapa Moshi tuna desturi ya kukimbia mara tatu kwa juma, baada ya maombi ya alfajiri. Tulianza kwa kutembea tu. Wengi wetu tumepita miaka 40, tumezaa, miili imeongezeka, na baadhi tumeambiwa na daktari kwamba shinikizo la damu au sukari imepanda. Wataalamu wa afya hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Ukizigawa kwa asubuhi tatu unapata dakika 50, muda ambao hata mama mwenye ng'ombe wa kukamua anaweza kuupata akiamka mapema kidogo. Na kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mji wetu unapopokea wageni wa Kilimanjaro Marathon, sisi nasi hujiandikisha katika zile mbio za kilometa 5, kanga zetu zikiwa kiunoni.

Leo hatuzungumzi juu ya moyo wala mapafu. Tunazungumza juu ya vidole vya miguu, kwa maana tumeona kwamba mama anapoacha mazoezi, mara nyingi si kwa sababu ya kuchoka. Ni lengelenge. Maandiko yanatusimulia jinsi wana wa Israeli walivyosafiri jangwani miaka 40 bila miguu yao kuvimba. Sisi ilipofika siku ya tatu tu, nusu yetu walikuwa wakichechemea.

Lengelenge hutokea wakati ngozi inaposuguliwa na kuvutwa huku na huku mpaka tabaka la juu linaachana na la chini, na maji yakajaa katikati. Joto na jasho huongeza msuguano, kwani ngozi iliyolowa hunata kwenye soksi. Sugu nayo ni mtoto wa msuguano huohuo, ila huja polepole: ngozi hujikinga kwa kuwa nene. Sugu nyembamba ina faida yake, na hatuoni sababu ya kuipiga vita. Ikiwa nene kupita kiasi ndipo inapoleta taabu, hata lengelenge likaweza kujificha chini yake, mahali ambapo si rahisi kulitibu.

Basi tuanze na viatu. Wengi wetu hununua raba za mitumba pale soko la Memorial, na hakuna aibu katika hilo. Ila raba iliyokwisha kuvaliwa imeshika umbo la mguu wa mwingine. Tia mkono ndani, pitisha vidole kila mahali, usikie kama kuna mshono ulioinuka au kitambaa kilichochanika. Jaribu viatu jioni, maana miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na uvijaribu ukiwa umesimama na soksi utakazokimbilia. Kati ya kidole kirefu kuliko vyote na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Tunasema kirefu kuliko vyote kwa sababu kwa baadhi yetu kidole cha pili kimekipita kile kikubwa.

Jambo jingine ambalo akina mama wengi hawaambiwi: ujauzito huweza kuuongeza mguu, urefu na upana, na kwa wengine haurudi tena ulivyokuwa. Kama ulivaa namba 38 siku ya harusi yako, usiing'ang'anie baada ya watoto wanne. Pima upya.

Soksi za pamba tupu hunyonya jasho na kulishika, kisha zinakunjamana. Zile zenye nailoni au poliesta hukauka upesi zaidi. Baadhi yetu huvaa soksi mbili nyembamba, ili zisuguane zenyewe kwa zenyewe na kuiacha ngozi salama. Kama mshono wa mbele unakukera vidole, geuza soksi, mshono ukae nje. Watoto watakucheka, waache wacheke.

Kabla ya kutoka, paka mafuta ya mgando kidogo kwenye vidole vinavyosuguana. Kata kucha moja kwa moja, usizizungushe pembeni, wala zisipite ncha ya kidole. Sisi tunaokaa mlimani tuna taabu yetu ya pekee, yaani mteremko. Unaposhuka, mguu huteleza mbele na vidole hupiga ncha ya kiatu, na baada ya siku chache ukucha unageuka mweusi. Kaza kamba vizuri sehemu ya juu, karibu na kifundo, ili kisigino kikae mahali pake. Tena usiongeze mwendo kwa pupa, maana ngozi nayo huhitaji muda wa kuzoea.

Ukisikia mahali pamoja panawaka moto, simama. Usiseme utamalizia kwanza. Vua kiatu, toa mchanga, kausha, bandika plasta bila kuacha kunyanzi, ndipo uendelee.

Lengelenge dogo likisha kutokea, liache lilivyo na ulifunike. Ile ngozi ya juu ni bandeji bora kuliko tuliyo nayo kabatini. Likiwa kubwa na linauma hata kutembea ni shida, laweza kutobolewa pembeni kwa sindano safi isiyo na vijidudu, baada ya kunawa mikono na kusafisha ngozi, maji yakatolewa, na ngozi ikaachwa palepale. Ukiona usaha, wekundu unaosambaa, au homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa sugu, loweka miguu katika maji ya uvuguvugu dakika 5 mpaka 10, sugua taratibu kwa jiwe la miguu, kausha, paka mafuta. Wembe usiusogeze. Katika kazi yetu ya uuguzi tumefunga vidonda vingi vya wembe, navyo hukawia kupona kuliko sugu yenyewe.

Yote hayo ni kwa mama asiye na kisukari. Mwenye kisukari asitoboe, asisugue kwa nguvu, asiloweke miguu, wala asibandike zile plasta za dawa za kuondoa sugu, kwa kuwa zina asidi inayokula ngozi. Sukari inapokaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na ya damu miguuni. Mguu hausikii, na kidonda hakiponi.

Tuna mwenzetu mmoja, mwimbaji wa sauti ya pili, mwenye kisukari cha miaka mingi. Asubuhi moja tulipomaliza kukimbia tuliona soksi yake ina doa ncha ya kidole kidogo.

"Mama, umeumia?"

"Wala! Mbona sisikii chochote?"

Tulimketisha kwenye ngazi za kanisa, tukamvua soksi. Lengelenge lilikuwa limepasuka, tena si la siku hiyo, maana pembeni kulikuwa na weusi na harufu. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji kabla hata ya chai. Daktari alisema wazi kwamba kidole kinaweza kukatwa. Akapewa dawa, sukari ikasimamiwa, na kwa majuma saba tulipokezana kumsindikiza kufungwa kidonda, wengine wakimkatia ng'ombe majani. Tuliomba pia, tena sana. Kidole kilibaki.

Mumewe alikasirika na kupiga marufuku habari ya kukimbia. Hatukumlaumu. Wawili wetu tulikwenda kukaa naye sebuleni, tukamweleza kwamba mazoezi yenyewe ni sehemu ya kuishusha sukari, na kwamba kilichokosekana ni macho ya kuutazama mguu usiosikia. Mama peke yake haoni vizuri nyayo zake, na kioo hakitoshi kwa mwenye uoni hafifu. Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Mnatazama nini hasa?" Tukamwonyesha: katikati ya vidole, chini ya wayo, kisigino, rangi, joto, ufa wowote.

Sasa kila usiku, baada ya ibada ya nyumbani, huchukua tochi na kuikagua miguu ya mkewe. Kwanza mama aliona haya. Mzee akamjibu kwamba Bwana mwenyewe aliosha miguu ya watu kumi na wawili, yeye ana ya mmoja tu.

Daktari amemruhusu mwenzetu kutembea, si kukimbia. Amejiandikisha nasi kwa zile kilometa 5. Raba zake mpya, za namba moja zaidi, anazivaa nyumbani nusu saa kwa siku, na kila akizivua mzee anataka kuiona soksi.